Kwenda Bujumbura Kuhesabu Anga Tupu

Sababu ya safari hii ilikuwa ubishi, na mbishi nilikuwa mimi. Watu wa nyumbani Kigoma waliponiuliza nakwenda kutafuta nini Bujumbura wakati wenye Bujumbura yao wanakimbilia kwetu, niliwajibu kwamba nafuata daftari. Mama yangu aliacha kuchambua mchele akanikazia macho. "Daftari," alisema. "Zena, kwani madukani kwetu madaftari yamekwisha?"

Ulikuwa mwaka wa tisa wa vita vyao. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ng'ambo, nilikokuwa nikisomea elimu ya anga, na kazi yangu ya shahada ilikuwa imekwama mahali pamoja. Nieleze kidogo, kwa sababu bila hayo safari yote haina maana. Wataalamu wanasema sehemu kubwa ya vitu vilivyomo ulimwenguni haionekani. Wanaiita maada ya giza. Haing'ai wala haizuii mwanga, lakini ina uzito, na uzito huo ndio uliozivuta nyota zikakusanyika kuwa galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili tunaloishi sisi. Hesabu za nadharia hiyo zinasema maada ya giza imejikusanya kila mahali kwa mabonge, makubwa machache na madogo mengi mno. Sasa, jirani na galaksi yetu kuna eneo pana linaloonekana tupu. Kama nadharia ni sawa, hata humo lazima yawemo mabonge madogo mengi, na ndani yake galaksi ndogo hafifu. Tukizikuta, nadharia imefaulu mtihani. Tukizikosa, wenye nadharia wana swali la kujibu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuhesabu tu.

Tulihesabu wawili, ndiyo kanuni. Picha moja ya anga hutazamwa na watu wawili, kila mmoja peke yake na daftari lake, hakuna kuulizana wala kuchungulia. Mwishowe madaftari hulinganishwa na wote wawili hutia sahihi karatasi moja. Mwenzangu alikuwa Mwalimu Déo, Mrundi aliyenifundisha fizikia pale Kigoma miaka mingi kabla ya vita, kisha akarudi kwao kufundisha chuoni. Ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa nyota. Nilimtumia nakala za picha kwa posta, akajibu kwamba ameanza, halafu barua zake zikakatika. Daftari langu lilikuwa na galaksi nne tu katika eneo lote. Nne! Hayo yalikuwa matokeo ya kumfanya mtu ajulikane, na yalikuwa yanasubiri sahihi ya mzee mmoja wa Ngagara, mtaa wa Bujumbura. Likizo ikiisha bila sahihi, msimamizi wangu alikuwa amesema, nitafute kazi nyingine ya kuandika. Nikakata shauri kumfuata Mwalimu huko huko.

Jumatatu asubuhi, bandarini Kigoma. Njia ya barabara kupitia Nyanza-Lac na Rumonge ilikuwa haipitiki kwa amani, magari yalikuwa yakiviziwa na kuchomwa, kwa hiyo nilitafuta nafasi kwenye meli ya mizigo iliyobeba chumvi na saruji. Karani wa meli, bwana mnene mwenye kalamu sikioni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka bila furaha. "Dada, abiria wangu mimi ni wa kuja huku. Wa kwenda huko ni wewe na saruji."

Kwapani nilikuwa na bomba la plastiki, refu kama mkono wangu, na ndani yake seti ya pili ya picha za eneo lile lile, zilizopigwa usiku mwingine. Nilizitoa kwenye hifadhi ya chuo siku moja kabla ya kupanda ndege, mbio mbio, karibu na saa ya kufunga. Faida yake ni hii. Picha za anga zina vidoa vingi vya uongo, punje ya vumbi, mkwaruzo, dawa iliyokauka vibaya. Galaksi ya kweli hutokea kwenye picha za usiku wote wawili mahali pale pale. Vumbi hutokea mara moja tu. Kwa hiyo nilijiona nimejitayarisha vizuri. Nilikuwa hata najisifu moyoni.

Ziwani, mchana kutwa, milima ya Burundi ilitusindikiza upande wa kulia. Ni milima mizuri na sitaki kuisingizia ubaya, lakini hapa na pale moshi ulikuwa unapanda mahali ambapo moshi wa jikoni haupandi hivyo. Kila ulipotokea, mabaharia waliutazama, kisha wakaendelea na kazi zao. Mmoja aliniambia mke wake ni wa kule juu, akanyoosha kidole, halafu akakishusha. Nilimuuliza kama ana habari zake. Akaniambia meli itafika alfajiri.

Jumanne, bandari ya Bujumbura. Mwanajeshi kijana alilifungua bomba langu, akazikunjua picha juu ya gunia la chumvi. Picha hizi huchapwa kinyume, anga nyeupe na nyota nyeusi, na pembeni zina tarakimu nyingi. Aliinama juu yake, akazifuata tarakimu kwa kidole moja baada ya nyingine.

"Hii ni carte ya nini?"

"Si ramani, afande. Ni picha ya anga."

"Na hizi points noirs, hizi nyeusi?"

"Nyota."

Akanitazama kwa huruma. "Dada, nyota ni nyeupe. Kila mutu anajua."

Nilimweleza habari ya kuchapa kinyume, nikajichanganya, nikaanza upya. Mwisho aliniuliza swali moja tu la maana. "Burundi iko wapi hapa ndani?"

"Haimo."

"Kama haiko ndani, pita." Akazikunja mwenyewe, kwa adabu, akanirudishia.

Mjini maduka yalikuwa wazi, watu wamevaa vizuri, malori ya bia yanateremsha kreti. Ningekuwa mgeni wa saa mbili ningesema hakuna vita. Lakini dereva wa teksi alizunguka njia tatu ili kuikwepa moja, bila kunieleza, na nilipomuuliza kwa nini, alisema tu, "Ile leo apana." Ngagara ni mtaa uliopangwa tangu enzi ya wakoloni, nyumba zinafanana kama ndugu, zimegawanywa kwa namba. Kila ulipotazama kaskazini uliona mitaa mingine yenye paa zilizoungua, na nyasi zimeota mpaka madirishani.

Mama Fidèle, mke wa Mwalimu, ndiye aliyenifungulia. Kwao na kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alinishika mabega yote mawili. "We ni Zena wa Kigoma? Yezu wangu! Umepita wapi? Njia yote iko mubaya." Nikamwambia ziwani. Akanivuta ndani kama mtu anayeondoa nguo kambani mvua ikianza.

Mwalimu alikuwa mezani karibu na dirisha. Nilimwacha mtu mwenye kifua na sauti ya kuamsha darasa zima, nikamkuta mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, koti limemzidi. Macho tu ndiyo yalikuwa yake. "Umekuja kunichunga," alisema, akatabasamu. Chuo chake kilikuwa kinafunguliwa na kufungwa, mshahara unakuja unapotaka, wanafunzi wake wengine wameuawa na wengine wameua. Haya aliyasema kwa utaratibu, kama mtu anayesoma orodha. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, ambao sisi Kigoma tunawaita dagaa, na baada ya kunawa akanisogezea daftari lake.

Lilikuwa na galaksi sitini na tano.

Nilisoma mara mbili. Nilitafuta safu tatu tulizokubaliana, ya ndiyo, ya shaka na ya hapana. Safu ya ndiyo ilikuwa imejaa. Nyingine mbili hazikuwa na hata alama moja.

"Mwalimu, safu ya hapana iko wapi?"

"Sina."

"Na ya shaka?"

"Nilikuwa nayo. Nikaona ni ile ile." Alivua miwani. "Zena, mi siwezi kuandika hapana juu ya kitu nimekiona na macho yangu. Kidogo, chafu, lakini nimekiona. Nani alinituma kusema haiko?"

Nilikasirika, na sioni aibu kusema. Nilikuwa nimesafiri na chumvi mpaka kwenye vita kufuata sahihi, nikakuta mtu mwenyewe ameacha kanuni aliyonifundisha yeye. Nilimwambia hivyo, kwa maneno laini zaidi. Akanijibu kwamba mimi nahesabu kama mtu mwenye haraka. Hapo tulikuwa tumefika, galaksi nne na galaksi sitini na tano. Nne ni anga tupu na nadharia mashakani. Sitini na tano ni karibu na kile ambacho nadharia inataka. Kati yetu hakukuwa na karatasi ya kutiwa sahihi.

Jioni, jikoni, Mama Fidèle alinieleza jambo ambalo barua hazikuwahi kuligusa. Fidèle, mtoto wao wa pekee, alitoka Jumamosi moja asubuhi kwenda Kajaga, kule ufukweni kwa wavuvi, kununua samaki. Miaka saba imepita. Hawakuona mwili, hawakuona kiatu, hakuna aliyewaambia nimemwona hapa au pale. "Mi najua amekufa," alisema akikwangua sufuria. "Mama anajua. Lakini Déo amekatala. Anasema hajaona, hawezi kusema. Basi sijalia mutoto wangu. Kwetu mutu akikufa majirani wanakuja, tunakaa nao, siku zinapita, tunafanya levée de deuil, matanga yanaisha. Mi sijaanza. Miaka saba sijaanza."

Jumatano asubuhi niliuona upande wa pili wa jambo hilo. Wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba na orodha ya wakazi, wakiongozwa na shefu wa mtaa, ambaye kwetu tungemwita mjumbe. Alikuwa jirani wa siku nyingi, na uso wake ulionyesha kwamba kazi hii haimfurahishi. Orodha ilisema watu watatu. Mimi nilionyesha hati yangu ya kusafiria nikawekwa kando.

"Fidèle iko wapi?" mkubwa wao aliuliza.

"Ametembea," alisema Mwalimu.

"Mwaka jana pia alikuwa ametembea." Mkubwa huyo hakupaza sauti. "Kijana hayuko kwa baba yake. Hayuko kazini. Hayuko kaburini. Mi nikuambie iko wapi? Iko huko milimani na wale wanatupiga."

"Apana."

"Basi iko wapi?"

Shefu wa mtaa akaingilia, karibu akimbembeleza. "Mwalimu, nimekuambia mara ngapi? Sema amekufa. Nafuta jina, tunamaliza."

"Sijaona."

Mkubwa aliikunja karatasi yake. "Tutarudi samedi, Jumamosi hii. Siku hiyo awe hapa, ao jina liwe limefutwa, ao we utakuja na sisi kutueleza vizuri." Wakaenda nyumba ya pili. Nilisikia shefu akiwasalimia wenyeji kwa sauti ya uchangamfu ambao hakuwa nao.

Mama Fidèle hakupiga kelele. Alisubiri mumewe aende chooni, akanishika mkono mpaka ukauma. "We anakusikia. Ni mutoto wake wa masomo. Umufundishe kufuta, Zena. Uanze na hizo nyota zenu. Umufundishe."

Nikakubali. Nataka msomaji ajue kwamba nilikubali kwa sababu mbili kwa pamoja, na sikuzitenganisha. Nilimwonea huruma yule mama, na niliitaka sahihi yangu.

Alhamisi na Ijumaa tulikaa dirishani tangu kulipopambazuka mpaka mwanga ulipokufa, kwa maana umeme ulikuwa wa kubahatisha. Upande wa kushoto picha ya zamani, kulia picha niliyokuja nayo, katikati lenzi moja ya mkono ya kupokezana. Mwalimu anasoma mahali kwenye daftari, naitafuta alama yake kwenye picha ya zamani, naikuta, kisha natazama mahali pale pale kwenye picha mpya. Galaksi zangu nne, ambazo naye alikuwa nazo, zilikuwepo zote, nyeusi, wazi. Kisha tukaingia zile sitini na moja.

"Ya kwanza."

"Haipo, Mwalimu."

Anachukua lenzi, anatazama mwenyewe, anairudisha. "Ya pili."

"Haipo."

Mwanzoni alikuwa anabisha. Alisema nitafute tena, labda nimekosea upande, labda karatasi imevutika. Picha zangu mpya zilikuwa safi mno, ndiyo sababu nilizipenda, ile rangi ya kijivu inayochafua picha za anga haikuwepo kabisa. Kwenye ya kumi au ya kumi na moja aliinua moja akaielekeza dirishani. "Hii ni nyeupe sana," alisema.

"Ni karatasi tu, Mwalimu. Wamechapa vizuri."

Alikuwa mwalimu wangu, angeweza kunifokea nirudi nikaangalie. Lakini miaka tisa ilikuwa imempunguzia haki ya kufoka, au yeye aliona hivyo, na mimi ndiye niliyetoka ng'ambo na vifaa vipya. Akageuza ukurasa.

Ijumaa adhuhuri hakuwa anabisha tena. Alikuwa akitaja namba, nami nasema haipo, naye anapiga mstari. Mstari wake ulikuwa mwembamba, wa penseli, kama mtu anayeogopa kuliumiza jina. Mama Fidèle alituletea chai akasimama nyuma yetu na sinia. Alikuwa hajui galaksi ni nini, lakini alijua vizuri kinachofanyika pale. Ilipofika ya arobaini na kitu, nilimwambia Mwalimu tupumzike. Akakataa. Nilijaribu kumfariji kwa njia ya kitaalamu. Nilimwambia kukosa galaksi si kukosa maada ya giza, huenda mabonge yamo humo yote, ila hayakuwahi kuwasha nyota hata moja, na nadharia inaweza kusimama kwa njia hiyo.

"Najua," alisema. "Unaweza kusema hivyo siku zote. Iko, lakini haionekani. Iko, lakini haitoi sauti." Akaisugua pua yake pale miwani ilipokaa. "Nimechoka kuwa mutu peke yake anayeona, Zena. Nisomee ingine."

Ilipogota sitini na moja, hakuna iliyobaki. Nilitoa karatasi, nikaandika galaksi nne, nikatia sahihi. Akatia yake chini ya yangu, jina lote, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Nilifurahi. Nalia sasa ninapoandika, lakini siku ile nilifurahi, na usingizi nilioupata ulikuwa mzuri.

Jumamosi walirudi kama walivyoahidi. Mwalimu aliwasubiri nje amevaa koti. Hakumngoja mkubwa aulize. "Fidèle amekufa," Mwalimu alisema. "Futa." Shefu wa mtaa aliweka rula juu ya orodha, akapiga mstari kwa wino, akasema pole, na wanajeshi wawili kati yao wakavua kofia. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima kilo ya sukari. Walipoondoka tu, ndani kulitoka sauti ambayo sijaisikia tena. Mama Fidèle alikuwa ameanza.

Mchana majirani walijaa. Walikuja na viti vyao, na mkaa, na pombe ya ndizi kwenye madumu, wakakaa uani bila kusema mengi, kama wanavyokaa na mtu aliyefiwa jana. Kuna mama aliyetoka Musaga, upande wa pili wa mji, akipita vizuizi vyote, aliyesema amekuwa akiisubiri siku hii miaka saba ili aje alie na rafiki yake. Mwalimu alikaa kati ya wanaume. Alipokea mikono ya watu wote. Alinitazama mara moja tu kutoka mbali, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyetii.

Jumapili nilirudi bandarini. Mwalimu alitaka kunisindikiza, wakamkataza, mfiwa haachi uani kwake. Mama Fidèle ndiye aliyenitoa mpaka mlangoni, macho yamevimba, sauti imekwisha. Alinikumbatia akasema, "Mungu akuongezee, mwanangu. Umenipa mutoto wangu nimuzike." Nilimwamini. Melini safari hii nilikuwa na wenzangu, familia tatu zilizohama na magodoro yao, na yule karani aliniuliza kama daftari limepatikana. Nikamwambia limepatikana.

Chuoni, wiki kadhaa baadaye. Nilikwenda kurudisha picha kwenye hifadhi. Mama anayetunza hifadhi alisoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya ya kwanza, akasoma na ya pili, akashusha miwani. Aliniuliza nilikuwa nazitumia kwa kazi gani. Nilimweleza. Akaniambia hizi ni picha za majaribio, lenzi ya darubini iliachwa wazi dakika chache tu, zinaonyesha vitu ving'avu basi. Zile zilizoachwa wazi muda mrefu, zinazoweza kunasa vitu hafifu, zilikuwa kabati la pili. Maandishi yapo nyuma ya kila moja. Mimi sikuwahi kuzigeuza.

Ndiyo maana zilikuwa safi. Zilikuwa safi kwa sababu hazikuwa zimetazama.

Nilizichukua za kabati la pili siku ile ile, nikakaa nazo peke yangu, nikaanza upya na nakala yangu ya ile orodha ya Mwalimu iliyopigwa mistari ya penseli. Nyingi zilikuwa vumbi kweli. Lakini kumi na tisa zilikuwepo, hafifu, mahali pale pale alipoziandika. Kama zimo ndani ya lile eneo tupu au ziko mbali nyuma yake, picha haiwezi kusema, inahitaji darubini kubwa na muda ambao sikupewa. Kwa hiyo nadharia haikushinda wala kushindwa kwa mkono wangu. Kwenye kazi yangu niliandika kwamba hatukuweza kujua, nikaichana ile karatasi yenye sahihi mbili, na msimamizi akaniambia ni matokeo madogo. Ni madogo.

Niliyojifunza katika safari hii nayaandika hapa kwa sababu nimeahidi kuwaeleza watu wa nyumbani. Nilikwenda kumfundisha mwalimu wangu kusema hapana, na yeye alikuwa na haki ya kuniuliza nimetazama kwa muda gani. Aliniuliza hasa, alipoinua ile picha dirishani, nikamjibu karatasi. Kijana wake simjui, wala sisemi yu hai. Kidoa cha anga si mtoto wa mtu, na kumi na tisa zile hazisemi lolote juu ya njia ya Kajaga. Lakini mzee yule aliweka kalamu chini kwa sababu nilimchosha kwa siku mbili na neno moja, na neno lenyewe nilikuwa sina haki nalo.

Nilikaa na barua mwezi mzima kabla ya kuituma. Nilimwandikia yote: dakika chache, kabati la pili, kumi na tisa. Niliomba radhi. Jina la Fidèle sikuliandika, nilishindwa, nikatumaini ataelewa.

Jibu lake lilikuja baada ya miezi minne, karatasi moja ya daftari, mwandiko ule ule wa ubaoni:

"Zena mwanangu, barua nimepata. Zile kumi na tisa nimezirudisha kwenye daftari, na nimefurahi. Tumekwisha kufanya levée de deuil, watu walikuwa wengi. Wanajeshi hawapiti tena kwetu. Barua yako Mama Fidèle sikumusomea. Siku hizi analala. Ukiniandikia tena, uniandikie mambo mengine."